Besi kwenye Stoo ya Mahindi

Mimi nikipewa kitu chochote chenye skrubu, sitatulia mpaka nione kilicho ndani. Mwenye duka la dawa za mifugo ninakofanya kazi, pale Litein, alishanipiga marufuku kuikaribia mizani, kwa sababu niliifungua mara moja nikairudisha ikiwa na kifaa kimoja kilichobaki mezani. Ilikuwa inapima sawasawa, lakini hakuniamini tena.

Kwa hiyo mpiga besi wa kanisa letu alipopata kazi Nairobi na kulirudisha gita la kanisa, wenzangu walikuwa wanajiuliza nani atashika nafasi yake. Mimi nilikuwa najiuliza jambo jingine kabisa: inakuwaje uzi ukiguswa kidole kimoja, unausikia tumboni kabla hujausikia masikioni? Nikainua mkono. Watu walicheka. Mwanamke wa miaka arobaini, anayeuza dawa ya kupe, eti apige besi! Kicheko kile kilinikera, na nadhani hasira ndiyo iliyonifundisha nyimbo tatu za kwanza.

Nililibeba gita hadi nyumbani kwa wazazi wangu, upande wa Roret. Nilikuwa nimerudi kuishi nao baada ya ndoa yangu kuvunjika, na hiyo ni habari nyingine ambayo haina besi ndani yake. Spika ya gita sikuwa nayo. Fundi wa simu aliniungia waya, ncha moja ikiwa jeki nene ya gita na nyingine jeki nyembamba ya kuingia kwenye wufa, ile spika kubwa ya sebuleni. Nilipopiga uzi wa kwanza, vikombe vya Mama vilianza kugongana kabatini.

"Utaniangushia nyumba!" Mama akapaza sauti kutoka jikoni.

Baba, aliyekuwa ameketi nje akinoa panga, aliingia ndani. Alivuta kiti hadi kando ya wufa, akategesha sikio, halafu akasema, "Hiyo waya ya tatu imelegea kidogo."

Nilipima kwa simu, ina programu ya kupima nyuzi. Kweli, ule uzi ulikuwa umeshuka, tena kidogo sana. Nilifurahi, lakini furaha hiyo haikudumu, maana Mama alikuwa amefika mlangoni na mwiko mkononi.

"Umeona? Hiyo ameisikia! Mimi nikimwita chakula, hasikii. Nikimwambia ng'ombe ametoka, hasikii. Anasikia chenye anataka."

Hapo lazima nieleze. Baba ni Mkipsigis wa hapa hapa. Mama ni mtu wa magharibi, kule karibu na ziwa. Wazazi wake waliletwa huku na kazi ya mashamba makubwa ya chai. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, na ndicho tulichokulia nyumbani, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Kwa miaka mingi walikuwa watu wa kutaniana kutwa nzima. Lakini kwa miaka miwili hivi, tangu Baba astaafu kazi ya kiwanda cha chai na kubaki na majani yetu machache shambani, utani ulikuwa umekwisha. Mama alikuwa anaongea, Baba anatazama pembeni. Mama aliona ni dharau. Alikuwa ameamua kuhamia kwa mdogo wangu anayeishi Chepseon, na hakusema kwamba anaenda kutembea. Alisema anaenda kuishi. Begi lilikuwa limeshatolewa juu ya kabati.

Niliogopa sana. Nilikuwa nimetoka kwenye ndoa moja iliyovunjika, sikutaka kukaa ndani ya nyingine.

Kwa upande mwingine, siwezi kudanganya, besi ilikuwa imeniteka. Nilinunua kisanduku kidogo chekundu chenye matundu mawili, la gita na la maiki, ambacho unakichomeka kwenye laptopu na sauti inajichora kwenye kioo kama mstari wa vilima. Nilikaa asubuhi nzima nikitazama sauti ya kikohozi changu inavyoonekana. Kisha nikaanza kutafuta mahali pa kurekodia. Sebuleni sauti ilikuwa inarudi kutoka kwenye kuta. Chumbani kwangu vilevile. Nilijaribu hata bafuni, nikatoka nikisikika kama mhubiri wa kwenye mkutano wa hadhara. Mwishowe nikaingia stoo ya mahindi. Tulikuwa tumetoka kuvuna, magunia yamepangwa hadi karibu na dari, na nilipopiga makofi, sauti ilikufa palepale. Magunia yalikuwa yameimeza. Sikuamini. Watu mijini wananunua sponji za kubandika ukutani, na mimi nilikuwa nimezilima.

Adui alikuwa mvua. Huku kwetu ikifika saa nane mchana, mbingu inafunguka juu ya mabati na huwezi kurekodi hata matusi. Nilijifunza kufanya kazi asubuhi ya siku zangu za mapumziko.

Wimbo wangu wa kwanza niliutuma kwenye kundi la kwaya. Nilikuwa nimepiga besi tupu, nikijivunia. Majibu yakaja: mbona hakuna kitu? Umetuma kimya? Mmoja akaniombea. Nilikasirika mpaka nilipoufungua kwenye simu yangu mwenyewe, nami nikasikia mkwaruzo wa vidole tu. Kumbe spika ya simu ni ndogo mno, sauti nzito haiwezi kuitoa. Besi ilikuwa imo mle ndani yote, hakuna noti iliyopotea, ila simu haikuwa na uwezo wa kuitamka. Jambo hilo lilinikaa kichwani siku kadhaa. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba sauti inaweza kuwepo kamili na isifike.

Ndipo nikapata wazo la kumrekodi Mama. Ana sauti nyembamba, safi, inayopanda bila kukaza shingo, na kuna wimbo wa kwao ambao huuimba akichuma majani. Nilimwambia ni kwa ajili ya mazoezi yangu. Ukweli ni kwamba nilitaka Baba aketi amsikilize mkewe akiimba, labda kitu kingelainika. Mama alikubali baada ya kunizungusha wiki nzima. Aliimba akiwa amesimama kati ya magunia, macho amefumba, mikono ameshika kanga kiunoni. Nami nikaweka besi chini yake, taratibu.

Alhamisi ya wiki niliyokuwa likizo, baada ya chai ya saa nne, niliwaketisha sebuleni nikaupiga kwenye wufa. Mama alijifanya anapanga vikombe. Baba aliinamisha kichwa, mguu ukafuata mapigo. Wimbo ulipoisha alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Besi iko sawa," akasema. "Lakini huyu mwenye anaimba ni nani?"

Sijawahi kuona uso wa mtu ukijifunga namna ile. Mama alikusanya vikombe vyote, pamoja na vyenye chai ndani.

"Jumamosi," akaniambia mimi, si Baba. "Jumamosi naenda kwa mtoto yangu. Miaka yote hiyo nimeishi na huyu mtu, na hanijui sauti."

Baba alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Nimesema nini?"

Nilijilaumu mimi. Nilidhani nimeharibu mchanganyo wa sauti: wanaoanza kurekodi huwa wanapenda chombo chao, nami nilikuwa nimejaza besi kama mtu anayetia sukari kwenye chai ya wageni. Nilirudi stoo nikapunguza besi, nikapandisha sauti ya Mama. Haikuwa mbaya kiasi hicho. Hata kabla ya kupunguza, nilimsikia vizuri kabisa, kila neno. Basi kwa nini Baba hakumtambua? Ndipo ile simu ikanirudia akilini. Simu haikuwa inaidharau besi yangu. Ilikuwa haiwezi tu.

Ijumaa asubuhi nilimwomba Baba aje stoo anisaidie kupima mashine. Ile programu ya kurekodi ina sehemu ya kutengeneza mlio mmoja mtupu, ambao unaweza kuupandisha kidogo kidogo kutoka chini kabisa hadi juu. Nilimketisha juu ya gunia, na kabla ya kumvisha hedifoni nikamwambia uso kwa uso:

"Ukisikia, inua mkono. Usishushe mpaka iishe."

Nilianzia chini. Mkono wake ulipanda kwenye mlio mzito ambao mimi mwenyewe niliusikia kwa shida nilipoujaribu. Nikapandisha. Mkono ukabaki juu, yeye akitabasamu kama mwanafunzi anayejua jibu. Nikapandisha tena. Mlio ukawa mwembamba, na mkono ukaanza kuyumba. Kisha ukashuka, ukatua gotini.

"Umezima?"

"Sijazima, Baba," nikatikisa kichwa.

"Umezima. Washa."

Nilisogeza upande mmoja wa hedifoni sikioni mwangu. Mlio ulikuwa unalia waziwazi, mkali kama mbu. Nilimtazama, na yeye aliona kwenye uso wangu kwamba nilikuwa nasikia. Akautazama mkono wake gotini, akaugeuza, kana kwamba kosa lilikuwa la mkono.

Kisha akaanza kunieleza habari za kiwandani, mambo ambayo hakuwahi kuyasema. "Kule kwa mashine ya kukata majani, hakuna mtu alikuwa anaongea na mdomo. Tulikuwa tunaongea na mikono. Ukitoka jioni, masikio inalia mpaka asubuhi. Halafu ikaacha kulia, nikafikiria imepona."

"Mbona hukutuambia husikii?" nikamuuliza kwa sauti kubwa, nimemwinamia.

"Ningesema nini? Mtu hajui kitu hajasikia." Alivua hedifoni akazishika kwa uangalifu. "Mimi nilifikiria mama yenu amechoka na mimi. Anaongea chini-chini, kama mtu ananung'unika. Nikasema, wacha anung'unike, sitamuuliza."

Nilitaka kumkumbatia, lakini Baba si mtu wa kukumbatiwa. Nilimwambia tutaenda Kericho kwa daktari wa masikio. Akasema tutaona, akarudi kwenye majani yake.

Jumamosi Mama aliamka mapema, akavaa gauni la safari na viatu vyake vya kanisani. Niliposimama mbele ya mlango wa jikoni, alinisukuma kwa begi.

"Sina wakati ya mashine yako leo."

"Dakika tatu, Mama. Nipe dakika tatu, halafu nitakubebea begi mwenyewe mpaka barabarani."

Aliingia stoo akiwa amenuna. Nilimpa maiki, nikamwambia aseme tu lile analomwambia Baba kila asubuhi. Alinitazama kama mtu aliyezaa mjinga. "Mzee, chai iko tayari," akasema. "Kuja unywe kabla ipoe."

Nikarekodi. Kisha nikaenda kwenye sehemu ya kupunguza sauti, nikakata kila kitu kilichokuwa juu ya pale ambapo mkono wa Baba ulikuwa umeshuka. Nikamvisha hedifoni, nikabonyeza.

Alikunja uso. "Imeharibika."

"Haijaharibika. Hivyo ndivyo Baba anavyokusikia."

Aliganda. Nikampigia tena. Nilijua kilichokuwa masikioni mwake, nilikuwa nimejaribu kwanza kwa sauti yangu usiku wa kuamkia siku hiyo nikashindwa kulala: mngurumo wa mtu anayeongea akiwa ndani ya tangi la maji. Unajua mtu yupo, unajua anaongea, na hakuna neno hata moja la kushika.

"Weka tena," akasema. Nikaweka. "Tena."

Mara ya nne alivua hedifoni mwenyewe. "Na mvua ikinyesha? Na nikiwa jikoni, yeye huko nje?"

"Hata hii haifiki."

"Anajua?"

"Alijua jana. Alikuwa anafikiri wewe ndiye umemchoka. Anafikiri unamnung'unikia."

Mama aliketi juu ya gunia na gauni lake zuri, vumbi na yote. "Nimemwambia maneno mbaya sana," akasema polepole. "Ingine nimesema nikiwa nyuma yake."

"Hayo basi hakusikia, Mama."

Alinitazama kama anayetaka kunizaba kofi. Kisha akacheka, na kabla kicheko hakijaisha alikuwa analia, akijipangusa kwa mkono wa gauni. Mimi pia nililia. Sioni haya kusema.

Baba alikuwa chini kwenye majani, kikapu mgongoni. Siku zote Mama humwita akiwa amesimama mlangoni pa jikoni. Siku hiyo hakuita. Aliacha begi stoo akateremka kwenye njia ya matope kati ya mistari ya chai, viatu vya kanisani vikizama, mpaka akapita mahali Baba alipokuwa, akazunguka, akasimama mbele yake uso kwa uso. Mikono ya Baba ikaacha kuchuma. Niliona midomo ya Mama ikisogea. Niliona Baba akiinama, akimsogezea sikio. Kisha nikaona Mama amemshika kidevu, akaugeuza uso wake umtazame.

Nilikuwa mbali, sikusikia kitu. Walipanda pamoja baadaye, wakanywa chai iliyokwisha kupoa, na begi hakuna aliyelitaja. Baba alipotoka kwenda kukamua, nilishindwa kujizuia, nikamuuliza Mama alimwambia nini kule chini.

"Nilimwomba msamaha," akasema. "Mara tatu. Hizo mbili za kwanza hakusikia."