Mama Ameuza Kuta

Mama yangu, Evelina, haombi kitu. Anaagiza. Ukimpelekea sukari ambayo hakuagiza, anaiacha mlangoni mpaka wewe mwenyewe uone aibu.

Amezaliwa hapa hapa Igwasa, kijiji chetu cha ziwani upande wa Sengerema. Zamani Igwasa ilikuwa na vitu viwili, dhahabu na msitu. Dhahabu iliwaleta wanaume wa kila kabila, na msitu ukamleta baba yangu, Ishengoma, mpasua mbao kutoka Bukoba. Msumeno wake ulikuwa wa kuvutwa na watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine chini shimoni anakula vumbi. Mwenzake alipomkimbia kwenda kuchimba, mama, bibi harusi wa juzi tu, alijifunga kanga kiunoni akashuka shimoni. Watu wakacheka weee! Mama anasema walichoka kucheka kabla yeye hajachoka kuvuta.

Mbao zao nyingi zilikuwa matimba, yale magogo yanayozuia udongo usiwafukie wachimbaji. Mwishowe dhahabu ikaisha, na msitu nao ukawa umekwisha kwa kulishwa mashimoni. Tukabaki na ziwa, dagaa, na lundo la marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu. Ulikuwa wa bure, basi tukaufyatulia matofali. Nyumba za watu, kanisa, hata choo cha kanisa, vyote ni marudio.

Mwaka jana akaja Chenge. Chenge ana mitambo na madawa ya kutoa dhahabu ambayo makarai ya kuoshea ya wazee yaliiacha. Alizunguka kijijini akikwangua kuta za watu kwa kisu, akapeleka vumbi kupimwa, akarudi na habari kwamba kuta zetu bado zina mali. Loh! Watu tulikuwa tumeegemea dhahabu miaka yote hiyo tukilalamika njaa. Wakaanza kuuza nyumba. Selina, jirani wa mama tangu ujana wao, aliuza akahamia Sengerema mjini, na pale kwake pakabaki uwanja mtupu wa kuanikia dagaa.

Mimi nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nina nyumba Buswelu, ng'ambo ya ziwa, na kiduka cha ushonaji. Nikampigia mama. "Uza, mama, uje kwangu." Nikamnunulia kitanda. Nikashona mapazia ya maua. Kila nikipiga simu ananijibu, "Nimesikia," kisha ananiuliza bei ya nyanya.

Halafu siku moja akapiga yeye. "Annet, nimeuza. Kuta zinabomolewa Jumamosi."

Nilipiga vigelegele mle dukani hadi mteja niliyekuwa nampima kiuno akaruka. Nikakodi kanta, lori dogo la kubebea vyombo. Jumamosi tukavuka daraja la Kigongo bila kusubiri kivuko wala nini, mimi nimekaa mbele na dereva, najiona mtoto mwema kuliko wote waliozaliwa.

Nilikuta watu wamejaa. Kuta zilikuwa zimekwenda kweli, vijana wa Chenge wanapakia vifusi vya mwisho. Lakini nyumba ilikuwepo! Paa limekaa juu, limebebwa na nguzo, na katikati ya nguzo mama yangu amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi.

"Mama! Toka humo, paa litakuangukia!"

Hakuinua hata macho. "Anayenisemesha ni nani, na hajapiga hodi?"

Nikachukua hatua kupita palipokuwa na ukuta wa sebule.

"We! Pita mlangoni. Mbuzi ndio wanaopita popote."

Mlango ulikuwepo, fremu na ubao wake, umesimama peke yake, umefungwa. Na mimi, mama mtu mzima mwenye mjukuu, watu wote wananitazama, nikazunguka hadi mbele nikapiga hodi.

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, sasa sema."

Chenge alinisogelea, jasho linamtoka. Alitegemea paa lishuke na kuta, akaondoke na mbao na mabati. "Dada, huyu mama aliniuzia nyumba."

"Nimekuuzia kuta," mama akasema bila kugeuka. "Mwenyekiti alikuwepo. Mbao ulizitaja? Mabati uliyataja?"

Mwenyekiti wa kitongoji akatazama ziwani, anauma midomo asicheke. Chenge akacheka mwenyewe. "Kuta, mama. Nimekubali, ni kuta." Udongo wake alikuwa ameshaupata.

Marehemu baba alikuwa ameona watu wakifukiwa mashimoni. Hakuuamini udongo, basi nyumba yake aliijenga kama wachimbaji wanavyozuia shimo, nguzo za mvule kwanza, zikafungwa juu kwa mbao, paa likapanda, ndipo tofali zikajazwa katikati. Kuta hazikubeba chochote. Mama alijua hilo kwa sababu mbao zile alizipasua yeye akiwa chini.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na tofali za kuchoma, zimepangwa vizuri, na fundi Yeremia anasubiri na kamba yake. Zote zimenunuliwa kwa hela ya Chenge. "Upande wa ziwa nataka dirisha kubwa," mama akasema. "Baba yako alinibania dirisha maisha yote."

Hapo nikapandisha sauti. "Na mimi je? Nimenunua kitanda! Nimekodi gari! Unakaa peke yako hapa, ukianguka nani atakuokota?"

"Tazama nyuma yako."

Nikageuka. Kijiji kizima kilikuwa pale, wengine wana watoto mgongoni.

"Hao," akasema. "Haya, wewe ukianguka huko Buswelu, nani atakuokota?"

  Nathaniel, mume wangu, alikufa, na watoto wote wako makazini, mmoja Dodoma, mwingine Dar. Nikifunga duka nawasha redio kabla sijavua viatu, ili nyumba iwe na sauti ya mtu. Machozi yakanitoka mbele ya Chenge na vijana wake wote.

"Nakutaka, mama," nikasema. "Si kwamba wewe unanihitaji. Mimi ndiye ninayekuhitaji."

Mama akaweka kisu chini. Watu wakaona haya wakaanza kujiondoa.

"Ungesema hivyo mapema," akasema, "usingehangaika na mapazia." Kisha akapaza sauti. "Yeremia! Ongeza chumba."

"Cha nani tena, bibi?"

"Cha huyu mpiga kelele. Daraja lipo, atakuwa anakuja kila Jumamosi. Na duka likimchosha, atakuja na cherehani yake."

Kanta ilirudi Buswelu tupu. Mimi nilibaki, nikashika ncha ya kamba Yeremia akipima chumba changu.