Sakafu Inayosikika kwa Nyayo

Jambo la kwanza ambalo mtu angeliona kwa fundi huyu ni magoti. Suruali zake zote zilikuwa na viraka viwili, maana kwa miaka ishirini na sita alitoka jasho kwa kupiga magoti, akitandika sakafu za mbao katika nyumba za watu. Yeye mwenyewe aliishi katika chumba cha saruji.

Saruji haikumsumbua hadi mkewe alipougua homa kali, akapona lakini masikio yakabaki huko huko kwenye homa. Tangu hapo alikaa kutwa akiutazama mlango. Akigeuka kidogo kukunja nguo, mtu akamgusa bega, alipiga ukelele kama aliyechomwa moto. Aliacha kushona. Akakonda.

Ndipo fundi alipoitwa kupiga msasa na vanishi nyumba moja ya kupanga, ghorofa ya pili, vyumba viwili, sakafu yote mbao ngumu. Akaenda na mkewe ili asibaki peke yake. Mkewe akavua viatu, akaketi chini kuelekea dirishani. Fundi akaingia nyuma yake na ubao begani.

"Polepole, mzee," mkewe akasema kwa ile sauti yake kubwa ya siku hizi, bila kugeuka. "Mguu wa kushoto unaburuza."

Fundi akauweka ubao chini, akautazama mguu wake wa kushoto. Jioni ile ile alimwambia dalali wa nyumba hiyo kwamba anataka kuipanga.

"Wewe?" Dalali alicheka hadi akashika kiuno. "Fundi, mpishi wa harusi naye adai kukaa na bibi harusi? Haya, mwambie mwenye nyumba."

Mama mwenye nyumba hakukataa. Alitembea chumba hadi chumba akiisifu kazi, na mambo yangekwisha hapo. Lakini fundi hakuzoea kusifiwa kwa kitu kibovu.

"Hapa karibu na jiko, mama, pamelainika," akasema, akigonga kwa kifundo cha kidole. "Bomba linavuja chini. Mbao zimeanza kuoza."

Mama mwenye nyumba akabonyeza kwa kisigino, pakabonyea. "Basi nang'oa zote, naweka vigae. Mbao ni maradhi."

"Ulimi gani huo, ndugu yangu?" Dalali alimnong'oneza. "Sakafu yenyewe imenyamaza, wewe unaisemea!"

Fundi alimfuata mama yule hadi kwenye ngazi. "Nipe mpaka Jumamosi, mama. Nitaziba bomba, nitabadilisha mbao. Ukikanyaga ikabonyea, ng'oa."

"Na isipobonyea?"

"Utupangishe. Mke wangu hasikii. Kwenye mbao anajua nani anaingia."

Mama mwenye nyumba alishuka ngazi mbili. "Nitakuja na fundi vigae," alisema. "Sikuahidi kitu."

Alipofunua mbao fundi alikuta uozo umetambaa kuliko alivyodhani. Boriti ya chini ilikuwa imekuwa laini kama mkate uliolowa. Alizipasua mbao alizokuwa amejiwekea za kutengenezea kitanda, akaunga boriti, akapigilia juu. Mkewe alimshikia taa, akimpa misumari mmoja mmoja. Ijumaa alipakanyaga mahali pale mara ishirini, na kila mara alihisi kama pamebonyea, kisha akahisi hapana.

Jumamosi saa nne asubuhi, fundi na mkewe wakiwa kwenye nyumba ile, dalali akapiga simu. "Wametoka. Fundi vigae yumo garini, na maboksi kadhaa nyuma."

Fundi akachukua kipande cha ubao na penseli, akamwandikia mkewe: Wanakuja.

Mkewe akasoma, akafuta mikono kwenye kanga. "Wamebeba vigae?" akauliza.

Fundi akapakanyaga tena pale karibu na jiko. Alisogea dirishani, akaikazia macho barabara, ambayo ilikuwa bado tupu.