Jani Nililolipaka Mafuta

Juzi niliondoka kijijini Ganda asubuhi bila kujua niendako. Njiani nilikuta kichaka cha porini kilichobaki kijani kiangazi chote, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu.

Mgeni mmoja, mchunguzi wa mimea, alikuwa amefikia barazani kwetu na hadubini yake ya shaba, ya kukuzia vitu vidogo. Dada yangu Kadzo ndiye aliyemkatia majani. Alilibana jani katikati ya kipande cha muhogo mbichi, akapitisha wembe mpaka akapata utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Kisha akachungulia seli za jani.

"Naona vyumba! Vimejaa kijani!"

"Nami nione, dada."

"Jani lako liko wapi?"

Niliona wivu. Nilikimbia kwenye kichaka kama kile nikachuma jani, nikalipaka mafuta ya nazi, kama mama alivyotupaka sisi kila alipokuja mgeni. Sikujua kwamba majani yale yana nta yake yenyewe. Niliamini kinachong'aa zaidi ndicho kitakachoonekana vizuri.

Mgeni alilikata huku akicheka, akanipisha. Niliona miduara myeupe tu. Leo najua yalikuwa matone ya mafuta.

"Waona nini?" akauliza Kadzo.

"Vyumba. Vikubwa kuliko vyako."

Akanisukuma, akachungulia. Alipoinua kichwa, nikarudi haraka kwenye hadubini.

"Lake zuri zaidi," akamwambia mgeni kwa sauti ndogo. Kisha akanigeukia. "Nipishe nitazame tena."

Sikumpisha, asije akagundua uongo wangu.