Kipa Chujio

Kosa langu la kwanza kama shabiki wa hoki ya barafu lilikuwa kuzomea kwa Kiswahili. Glavu za kaka, zilizo stoo nyumbani kwetu mtaa wa Castle Vale, huku ughaibuni, bado zinanuka jasho la siku ile.

Kipa wa wapinzani alisifiwa kuwa ni ukuta. Sisi tulikuwa tunafungwa, na kipa wetu alikuwa kaka. Nikagonga kioo cha uwanja kwa ngumi.

"Kipa chujio! Nenda kwa mama ukachuje chai!"

Yule ukuta hakugeuka. Aliyegeuka ni kaka, mchezaji pekee aliyejua Kiswahili.

"Si wewe, kaka! Yule mwingine!" nilipaza sauti, lakini kelele zilinimeza. Akavua helmeti, akatoka uwanjani.

Kaka hachezi tena. Siku hizi nikitaka kusema na mtu, kwanza namwita kwa jina.