Nilivyomdhamini Mtu wa Lifti

Saa moja kasoro dakika kumi na mbili asubuhi, kila siku ya kazi, honi ililia mara mbili nje ya geti letu pale Kikuyu, na mke wangu alichukua mkoba akatoka. Jumatatu ile haikulia. Ililia simu yake, akaisikiliza akiwa amesimama, kiatu kimoja mguuni.

"Yuko polisi," aliniambia alipoikata. "Jana jioni walimsimamisha akitoka Buigiri kwenye sherehe ya kipaimara. Wakampulizisha kile kipimo cha ulevi, kikaonyesha amezidisha. Leo anapelekwa mahakamani. Anatafuta mdhamini."

"Akakupigia wewe."

"Ndugu zake wote wako Bukoba. Ulitaka ampigie nani?"

Mtu huyo alikuwa mwenzake wa ofisi moja huko Mtumba. Kwa mwaka mzima alikuwa akimpa mke wangu lifti, asubuhi na jioni, bila kudai hata ya mafuta. Alikuwa kijana kuliko mimi, mrefu, hajaoa, na sauti yake ilitulia kama ya mtangazaji wa redio. Mke wangu alimwita kaka, kwa hiyo yeye aliniita mimi shemeji. Sikumbuki kama niliulizwa.

Sikuwahi kuona kitu chochote kibaya. Nilichokiona ni kwamba mke wangu aliporudi jioni alikuwa bado anamalizia kicheko kilichoanza ndani ya gari, na nilipouliza kinachochekesha alijibu, "Ungekuwepo ungejua." Nyumbani tulizungumza habari za umeme wa luku na ada za shule. Maneno mengine, niliamini, yalikuwa yakiishia barabara ya Mtumba.

Ningeweza kusema kwamba nilihofia usalama wake, na baada ya Jumapili ile ingekuwa sababu nzuri. Isingekuwa kweli. Kijana yule alikunywa mwisho wa wiki tu. Asubuhi za kazi alikuwa hajaonja pombe, kama mimi. Nilichokuwa nacho ni wivu.

Mke wangu alianza kutafuta kitambulisho chake cha Taifa. Nikawaza jina lake likiandikwa chini ya jina la yule mtu, kwenye jalada moja, kwa mhuri wa serikali. Nikamwambia aende kazini, nitakwenda mimi.

"Wewe?" Alinitazama kwa furaha ambayo sikuitegemea. "Mungu akubariki, baba watoto. Nilidhani humpendi."

Nilipata barua ya utambulisho kwa mtendaji wa mtaa, nikafika mahakamani kabla kesi haijaitwa. Mshtakiwa alikuwa na shati la sherehe, limekunjamana. Alisomewa shtaka la kuendesha gari akiwa amelewa, akakana, kwa woga zaidi kuliko kwa hoja. Hakimu, mama wa makamo, akaniita mbele.

"Mdhamini, mshtakiwa ni nani wako?"

Nilitaka kujibu kwa usahihi. "Ni jamaa anayempa mke wangu lifti, mheshimiwa."

Watu kwenye mabenchi walicheka. Karani aliinamisha kichwa. Hakimu alinitazama juu ya miwani.

"Na bado umekuja kumdhamini?"

"Nimekuja, mheshimiwa."

"Una moyo, baba. Sasa sikiliza. Asipofika tarehe itakayopangwa, utaulizwa wewe, na utalipa shilingi milioni moja. Unaelewa?"

Nilielewa, nikasaini. Hivyo yule mtu niliyetaka akae mbali na nyumba yangu akawa mtu ninayepaswa kujua yuko wapi. Gari alirudishiwa, akaruhusiwa kuliendesha wakati kesi ikiendelea, na honi ikaendelea kulia. Kila tarehe ilipokaribia nilimpigia simu mimi mwenyewe kumkumbusha. "Nakuja, shemeji, siwezi kukuangusha," alisema kwa ile sauti, na mke wangu, akiwa pembeni, aliuliza kama ni mzima.

Mimi ni fundi wa kusuka upya nyaya za mota. Shule niliiacha darasa la saba, na mengine yote nimeyapata kwa kusoma mwenyewe, taratibu, kamusi pembeni. Nilisoma sheria ya usalama barabarani kwa njia hiyohiyo. Adhabu za ulevi nilizielewa mapema: faini, au kifungo, au vyote viwili. Kisha nikafika mahali paliposema kwamba mahakama inaweza pia kumfungia mtu leseni. Nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Bila leseni hakuna gari, na bila gari hakuna lifti.

Wiki moja kabla ya kesi kusikilizwa alikuja karakana kwangu, akakaa juu ya ndoo.

"Shemeji, dada anasema umesoma hii sheria yote. Nikikiri kosa watanifanya nini?"

Nilimweleza. Nilimwambia pia kwamba kipimo kimeshasoma, askari wapo, hakumgonga mtu, na ni kosa lake la kwanza. Akikiri, hakimu ana sababu ya kumwonea huruma.

"Jela ndiyo inayoninyima usingizi."

"Na leseni?"

"Leseni kadi tu, shemeji. Wachukue."

Nikainamia mota niliyokuwa nasuka. Ushauri niliompa ulikuwa sahihi. Wakili angempa huohuo. Ila wakili asingeutamani kama mimi.

Alikiri. Hakimu alimtoza faini ya shilingi laki tano, akishindwa aende jela miezi sita. Kisha akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba leseni yake itafungwa kwa miezi sita. Alilipa faini siku hiyohiyo. Akanikumbatia kwenye ngazi za mahakama, nami nikamkumbatia, na sijui ni nani kati yetu aliyekuwa na furaha zaidi.

Jumatatu iliyofuata mke wangu aliondoka mapema, akisema ana safari ndefu. Nilidhani anawahi basi. Nilikuwa nafungua karakana niliposikia honi, mara mbili. Gari ni lilelile. Kwenye usukani alikuwa mke wangu. Mwenye gari alikuwa kiti cha kushoto, amekirudisha nyuma, miguu kainyoosha, na kioo kiko chini.

"Shikamoo, shemeji! Nimepata dereva!"

Mke wangu alipunga mkono na kupita. Ada ya kujifunza udereva nilikuwa nimemlipia mimi, miaka mitatu kabla, ili siku tukinunua gari letu awe tayari. Kitabu cha sheria hakikuwa na neno juu ya hilo. Mwenye leseni anaweza kumwendesha yeyote.

Jioni sikungoja chakula.

"Gari la mtu mzima linaendeshwa na mke wa mtu," nilisema.

"Sheria inakataza?"

"Haikatazi."

"Basi shida nini? Ulimdhamini mwenyewe. Ofisi nzima wanasema nimeolewa na mwanamume muungwana."

"Nilikwenda ili usiende wewe."

Aliweka mwiko chini.

"Umekuwa na wivu mwaka mzima?" aliuliza.

"Mwaka mzima."

"Na unavyojua kusoma! Ungeniambia siku ya kwanza." Hakucheka, nami nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. "Haya. Achana na sheria inasema nini. Wewe unataka nini?"

"Nataka uende kwa basi."

"Nitakwenda kwa basi. Nauli unatoa wewe, kila asubuhi, mkononi. Na jioni unanifuata kituoni, maana nitakuwa nimechoka na nitataka mtu wa kumsimulia."

Alimpigia simu palepale, mbele yangu. "Kaka, tafuta dereva mwingine. Mume wangu ana wivu." Nilisikia yule mtu akicheka, kisha akaacha ghafla, akasema, "Kumbe. Msalimie."

Nilimfuata kituoni kila jioni. Alinisimulia mambo ya ofisini, nami nikajua majina ya watu wake wote na nani anamchekesha. Baadhi ya siku jina la kwanza lilikuwa la yule mwenye gari, nami nikaharakisha hatua hadi tulipofika nyumbani. Leseni ilipofunguliwa, yule kijana alimwambia mke wangu arudi kwenye lifti. Alijibu kwamba ndani ya basi anapata kusinzia. Sikumuuliza kama ni kweli. Kwa miezi ile sita, nauli niliyompa mkononi ilifika shilingi laki mbili na tisini elfu na mia nne.