Kicheko cha Shemeji

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa na binti wa miaka mitano, ambaye mtaa mzima ulimwita Kifungo kwa udogo wake. Hasira za Kifungo zilikuwa karibu. Kitu kidogo tu, hujigaragaza sakafuni na kupiga kelele mpaka atapike.

Mdogo wa mumewe, aliyekuwa akila na kulala kwao tangu aachishwe kazi, alizifanya hasira hizo burudani. Humfichia mtoto mdoli wake, humfinya shavu, kisha humrekodi kwa simu na kuwatumia wenzake. Siku moja mama alirudi nyumbani kutoka kibandani kwake cha kushonea, akamkuta binti amelowa matapishi, na shemeji yuko kitini anacheka huku akilamba mafuta vidoleni. Matapishi angeyafuta, kilichomchefua ni kile kicheko chenye makohozi. Mumewe alipoelezwa, alisema ni utani tu wa baba mdogo.

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," mama akamjibu, akaenda kumwosha mtoto.

Basi jioni, wakimenya viazi, akamfundisha Kifungo mchezo wa sufuria. Mmoja ni sufuria, anatokota, mashavu yamejaa. Mwenzake anampulizia taratibu mpaka povu lishuke. Mara ya kwanza Kifungo alimtemea mate usoni. Siku chache baadaye mama alirudi amefura, mteja amemkatalia gauni lililokwisha kushonwa, akawa sufuria yeye. Mtoto akampulizia. "Shuka, mama, shuka." Tangu hapo mchezo ukanoga.

Jumapili moja shemeji alileta nyumbani rafiki zake wawili. Akamnyang'anya Kifungo mdoli, akauning'iniza juu, simu tayari. Mtoto akavimba, akatetemeka. Halafu akafumba macho, akapuliza, akapuliza tena.

"Napunguza moto," akasema, machozi yakimtoka.

Hakuna aliyecheka. Shemeji, kwa kukosa kilio alichowaahidi wenzake, akamsokota sikio. Baba mtu alikuwa mlangoni, ameona yote.

"Fungasha vitu vyako," alimwambia mdogo wake.

Shemeji akaondoka kabla ya giza. Kifungo bado hurusha sahani mara mojamoja. Baba mtu naye huwasimulia majirani jinsi alivyomtetea mwanawe, bila kutaja kuwa mwanzo aliuita utani, na mkewe akimsikia, huona kinyaa na kwenda zake nje.