Tisa Imejaa

Baba yangu alikuwa polisi, na alitulea kama watuhumiwa. Ukichelewa kurudi nyumbani kwetu kule magharibi mwa nchi, hakukuuliza ulikotoka. Alitazama viatu vyako. Nami nikakua hivyo hivyo, mtu wa kutazama viatu. Miaka ya sabini ilipoanza nikaajiriwa ukarani katika ofisi ya mipango mjini Nyeri, na nilipanda basi la kwenda huko nikiwa tayari ninawashuku watu ambao sijawaona.

Kazi ya ofisi yetu ilikuwa kupanga barabara za miaka ishirini ijayo. Ukutani palikuwa na ramani kubwa kuanzia Kenol hadi Nanyuki, na mkubwa wetu aliichora kwa penseli. Mstari mwekundu ulikuwa barabara ya kokoto ya kupitika masika na kiangazi, na hiyo ingejengwa kwanza. Mstari wa nukta nukta ulikuwa wa "baadaye", na sikuwahi kumsikia mtu akieleza baadaye hiyo ni lini. Mkubwa alipenda kusema kwamba kijiji kikiwa na shule, zahanati, soko na barabara ya kuviunganisha, watu wake hawatakuwa na sababu ya kuhama. Maneno hayo yalinipendeza, ila kila Jumatatu nilikuwa nikiitazama ile ramani nione kama mstari mwekundu umesogea wikendi ukaelekea shamba la mheshimiwa fulani. Haukusogea, na jambo hilo nalo likanitia shaka.

Upande wa Kieni kulikuwa na nafasi ya mstari mwekundu mmoja tu. Ungepita Endarasha, au ungepita mgongo wa pili wa vilima, ng'ambo ya mto. Penye watu wengi zaidi wanaotembea kwa miguu ndipo barabara ingepita. Kwa hiyo watu wahesabiwe njiani, wiki nzima, asubuhi hadi jioni. Ng'ambo ya mto ilipewa mwalimu mmoja wa huko, nami nikapewa Endarasha.

Nilifika siku ya mvua. Gari la serikali lilikwama kabla ya njia panda, nikamalizia kwa miguu, tai shingoni na karatasi kwapani, tope hadi kwenye magoti. Watu waliniona wakaingia ndani. Sikuwalaumu sana. Waliwahi kuhesabiwa na mtu wa serikali wakati wa hali ya hatari, enzi ya mkoloni, na baada ya kuhesabiwa walizungushiwa handaki na seng'enge. Sasa nilikuwa nimekuja mimi, mtu wa mbali nisiyejua lugha yao, nikitaka kujua wako wangapi na wanaenda wapi.

Aliyetoka kunisalimu alikuwa mmoja tu, mama mjane aliyekuwa akisimamia kibanda cha maziwa pale njia panda. Alivaa koti la marehemu mumewe, na mikono ya koti ilimfunika hadi kwenye vidole. Alikuwa na ng'ombe wawili kwenye kipande alichopata shamba la mzungu lilipogawanywa. Majirani walileta maziwa yao kibandani kwake, lori likaja kuyachukua, siku lilipoweza kuja.

"Karani," akaniambia, "hiyo barabara ikipita hapa, rori ya maziwa itakuja hata kama mvua inanyesha?"

"Ikipita, itakuja."

"Na isipopita?"

"Mtangoja, mama."

"Mimi siwezi ngoja. Masika rori haifiki, maziwa inaharibika kwa mtungi, ninapatia ndama. Ikikuwa hivyo mwaka mwingine, hizi ng'ombe zinaenda. Na sina kitu ingine."

Akanimiminia kikombe cha maziwa ya moto. Nikakataa. Nilijiambia, haya, ameanza kunipaka mafuta. Lakini hakuna mwingine aliyekuwa pale njia panda kutwa nzima, kwa hiyo kazi ya kuhesabu nikampa yeye, nami nikaenda kuuliza maswali yangu shuleni na kwenye zahanati. Maagizo yalikuwa mepesi: kila wakipita watu kumi, aweke kijiti kimoja ndani ya debe. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilipotaja kumi aliinamisha macho, kisha akasema sawa. Yale macho niliyaweka akilini.

Jioni nikarudi, nikamwaga vijiti mezani. Vilikuwa vingi kuliko nilivyotarajia.

"Kila kijiti ni watu wangapi, mama?"

"Tisa."

"Nilikuambia kumi."

"Tisa. Imejaa."

"Imejaa nini?"

"Imejaa tu, karani. Wewe andika."

Hapo nikajua nimemkamata. Ukiweka kijiti wakipita watu tisa badala ya kumi, vijiti vinakuwa vingi, na Endarasha inaonekana ina watu wengi kuliko ilivyo. Halafu unamwambia karani mgeni imejaa, imejaa, hadi achoke na kuandika kumi. Mama huyu alikuwa anatia chumvi, na sababu yake alikuwa ameshanieleza kwa mdomo wake mwenyewe. Nikaandika tisa. Niliiandika kwa wino, kubwa, nikatia sahihi chini yake.

Siku ya nne nikaenda kumvizia. Nilikaa kwenye hoteli ya chai iliyotazamana na kibanda chake, nikajificha nyuma ya pazia la mlangoni tangu asubuhi. Nilitaka kuona kama anaweka vijiti bila watu kupita. Watu walipita na magunia vichwani kwa ajili ya mvua, akina mama na viazi, wanafunzi, wazee wenye bakora, naye akawa anachezesha midomo, na mara moja moja mkono wake unaingia kwenye debe. Nilikazia macho mkono ule saa nzima. Watu wenyewe sikuwahesabu. Mwenye hoteli akaniuliza kama ninaumwa na tumbo.

Kila jioni nilimuuliza swali lile lile, naye akanijibu jibu lile lile, ila siku za mwisho alilisema taratibu zaidi, kama unavyomwambia mtu aliye mzito wa masikio. Wiki ilipokwisha nikazidisha vijiti vyote kwa tisa, nikapeleka karatasi Nyeri. Nilirudi nikijiona mtu mwaminifu kuliko wote mkoani. Mkubwa alilinganisha hesabu yangu na ile ya mwalimu. Endarasha ilikuwa imepungukiwa, tena kidogo. Akashika penseli, akachora mstari mwekundu ng'ambo ya mto, na Endarasha akaiwekea nukta. Mpango ukapigwa chapa, ukapelekwa Nairobi.

Masika yaliyofuata, mchoraji ramani wa ofisi yetu, mwenyeji wa hapo Nyeri, alinialika kwao chakula cha Jumapili. Tulikula irio na nyama, watoto wakiingia na kutoka. Mama yake mzee aliwatazama kwa furaha, akaniambia jambo kwa Kikuyu.

"Anasema hao wote ni wajukuu wake," mwenzangu akanitafsiria. "Kenda muiyuru. Tisa, imejaa."

Nikaweka kijiko chini. Nikanyanyuka, na kwa tabia yangu mbaya nikaanza kuwaelekezea watoto kidole, mmoja mmoja, kwa sauti.

"Mama, hawa ni kumi," nikasema.

Yule mama mzee aliwaita watoto wote ndani kwa ukali ambao sikuudhania. Mwenzangu akanishika mkono akaushusha.

"Ati unafanya nini? Watu hawahesabiwi hivyo! Hiyo ni mugiro, ni mwiko. Kumi ya watu haitajwi, inaita mabaya, mmoja anaweza kupotea. Ndiyo wazee wanasema tisa imejaa. Ni kumi hiyo hiyo, lakini haujaitaja."

Sikumaliza chakula. Nilirudi chumbani kwangu nikatafuta nakala za karatasi zangu, nikazidisha vile vijiti upya, kwa kumi sasa. Nilirudia mara tatu. Mara zote tatu Endarasha iliipita ng'ambo ya mto. Nilijichukia siku ile, na sioni haya kuandika kwamba nililia.

Asubuhi ya Jumatatu niliingia kwa mkubwa kabla hajavua koti. Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akinitazama kuanzia usoni hadi miguuni, na nikatambua kutazama kule, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikiwatazama watu.

"Karatasi zinasema tisa," akasema. "Sahihi ni ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Mpango umeshakwenda Nairobi ndipo unakuja kuniambia ni kumi. Wamekupa nini huko Endarasha?"

"Sikupewa kitu, mzee. Hata maziwa nilikataa."

"Kumbe walijaribu."

Nimwambie mama mmoja alinihesabia kweli nami nikamwona mwongo? Tayari alikuwa ameniona mwongo mimi. Akanionya kwamba nikilitaja tena jambo hilo ataniandikia barua, nami nikatoka. Kwa miezi kadhaa nikawa simtazami mtu yeyote machoni pale ofisini, na kila waliponong'ona nilijua wananisema mimi. Huenda hawakuwa wakinisema.

Kwenda Endarasha kulinichukua muda mrefu kuliko inavyofaa. Nilipofika, magari ya kazi yalikuwa yameanza kumwaga kokoto ng'ambo ya mto, na ngurumo zake zilisikika hadi njia panda. Kibanda cha maziwa kilikuwa kimefungwa kwa waya. Nilimkuta mama nyumbani kwake akipalilia viazi, na koti lake lile lile. Zizi lilikuwa tupu, limeota nyasi hadi mlangoni. Aliniona nikilitazama.

"Zilienda," akasema. "Mvua ya mwaka huu ilikuwa mingi."

Nikamwomba tukae. Tukakaa juu ya gogo, nikamweleza bila kujitetea: kwamba nilidhani ananidanganya, kwamba nilijificha hotelini kumvizia, kwamba niliandika tisa na tisa ndiyo iliyoihamisha barabara. Alikuwa akibandua tope kwenye jembe kwa kidole. Nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu.

"Huko ng'ambo, nani alihesabu?" akauliza.

"Mwalimu mmoja wa huko."

"Yeye alisema kumi?"

"Aliandika kumi."

Ng'ambo ya mto gari jingine likamwaga kokoto.

"Mimi hawa watu ninawajua," akasema. "Ni watoto ya majirani. Ni wamama, wengine wako na mimba. Wanapita mbele yangu, wananisalimia. Ningesema ile neno, halafu mmoja apotee? Nilisema tisa imejaa ndio asipotee hata mmoja."

Kisha akaacha jembe, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane alinitazama kwa mashaka.

"Sasa wewe, karani. Wale ulitoa kwa hesabu, mmoja kwa kila kijiti, ni akina nani?"